UZI: Kulaza sakafu ya mbao juu ya ukuta wa zege huku Minnesota (na ukuta uliotaka kutulalia)

SeremalaWaTheluji #1

Wakuu habari za jioni. Juzi kwenye ule uzi wa kwanini Wamarekani wanajenga nyumba za mbao kama mabanda ya kuku niliahidi kuja na uzi wangu, watu wakasema nimekimbia, haya nimerudi. Mimi ni seremala, nilianzia Tanga kwenye kenchi na makabati, sa hivi niko Minnesota mwaka wa saba nafremu nyumba (yani kusimamisha mifupa yake ya mbao) na timu ya watu watano. Siongelei nyumba nzima, naongelea sakafu ya kwanza tu, ile inayokaa moja kwa moja juu ya ukuta wa msingi, maana kuna kitu kuhusu hiyo sakafu sikuwahi kukifikiria hata siku moja nikiwa bongo mpaka nilipoona ukuta wa zege umepinda kwa macho yangu. Hiyo ntaisimulia mbele.

Kwanza mjue huku msingi haukai juu juu. Maji yaliyomo kwenye udongo yakiganda yanatanuka, kama asilimia 9 hivi, yananyanyua chochote kilichokaa juu yake, kwahiyo kitako cha msingi lazima kiende chini ya pale barafu inapofika. Kwa upande wa Minneapolis kanuni ya ujenzi inasema inchi 42, ukienda kaskazini ya jimbo inakuwa 60. Sasa mtu akishachimba zaidi ya mita moja anajiuliza si nimalizie tu nipate chumba cha chini, ndo unakuta nyumba nyingi zina baisimenti.

Hii tunayojenga sasa ni futi 24 kwa 32. Ukuta wa zege unene inchi 8, kimo futi 8. Watu wa zege wamemwaga, wamefungua fomu zao wameondoka, sisi tunafika tunakuta shimo, ndani ya shimo kuna ukuta umesimama peke yake, na juu yake bolti zimechomoza kama meno ya mamba. Kazi ya seremala inaanzia hapo. Naendelea post inayofuata, nakula kwanza.

mama_kibamba #2

Nimevuta mkeka. Usitupotezee kama yule wa uzi wa tenki la maji.

Mzee wa Kozi #3

Fundi nakusikiliza lakini swali moja tu kabla hujafika mbali, kwanini wasijaze kifusi wakashindilia wakamwaga jamvi la zege tukalala salama? Mbao chini ya miguu yangu mimi hapana.

SeremalaWaTheluji #4

Mzee wa Kozi, wanaojaza na kumwaga wapo, nenda Texas au Florida utazikuta nyumba za jamvi kibao maana baridi yao haichimbi ardhi hivyo. Ila huku nishakwambia kuna chumba chini, sasa kifusi utakijaza wapi? Slabu ya ghorofa ungeweza ila uifunge mirunda, usuke nondo, usubiri zege likomae, wakati sisi watu watano sakafu hii ya mbao tunaimaliza siku tatu na mabomba ya maji, ya hewa ya joto, nyaya, vyote vinapita katikati ya boriti bila kuvunja kitu. Na mbao ya paini huku ni kitu cha kawaida kama tofali la bloku kwenu.

Haya turudi kazini. Kitu cha kwanza hatugusi mbao, tunapima ukuta. Mtu wa zege akikwambia ukuta uko skwea, yani kona zote ni nyuzi 90, we muitikie vizuri halafu toa futi kamba. Raha ya 24 kwa 32 ni kwamba ni ileile 3-4-5 tuliyofundishwa na mafundi wetu, zidisha kwa 8, kwahiyo kona kwa kona lazima isome futi 40 kamili hakuna mjadala. Tukapima kona hii ikasoma futi 40 na robo tatu ya inchi, kona ya pili ikapungua karibu hivyohivyo. Yani ukuta umeegama kama boksi la kiberiti ulilolibonyeza ubavuni. Tukawasha leza ya kupimia usawa, kona ya nyuma kulia imezama nusu inchi. Sio ajabu, ndo maisha ya zege.

Sasa ukifuata ukingo wa zege unachukua kosa la mtu mwingine unalipandisha mpaka kwenye paa, karatasi za sakafu (yale mabapa ya mbao yanayolala juu ya boriti) hazitakaa, kabati za jikoni hazitakaa, na fundi atakayetukanwa ni wewe wa mwisho. Kwahiyo tunapiga chaki juu ya ukuta mistari yenye skwea ya kweli na tunafuata chaki, mahali pengine mbao inachungulia nje ya zege kidogo, pengine inaingia ndani kidogo, poa tu, mradi imelaliwa vizuri na bolti zinaishika.

Ile mbao ya kwanza inaitwa sili. Ni ndugu yake wolpleti tunayoilaza juu ya lenta kabla ya kenchi, ila hii iko chini. Ni 2 kwa 6 iliyotiwa dawa. Chini yake unatandaza kwanza sponji jembamba linalokuja kwenye rola, linaziba upepo na linaitenga mbao na zege, maana zege linafyonza unyevu kama andazi kwenye chai na mbao ikilala juu yake hivihivi inaoza pole pole huku unaitazama. Na tahadhari kwa fundi mgeni, 2 kwa 6 ya huku ukiipima ni moja na nusu kwa tano na nusu, na 2 kwa 10 ni moja na nusu kwa tisa na robo. Mimi siku ya kwanza nilikata kila kitu kwa hesabu ya jina. Sitaki kukumbuka.

Bolti ndo roho ya hii kitu. Kanuni inataka za nusu inchi, zizame kwenye zege inchi 7 au zaidi, zisiachane zaidi ya futi 6, kila kipande cha sili kiwe na bolti mbili angalau, na kuwe na bolti ndani ya inchi 12 kutoka kila mwisho wa kipande. Hii ya mwisho ndo inawaumiza watu, mbao yako inaishia popote ilipoishia unakuta pale kwenye kiungo hamna bolti karibu, kwahiyo kaa chini upange viungo vya sili kabla hujakata, sio baadae. Unailaza sili pembeni ya bolti, unavusha alama kwa skwea, unatoboa tundu kubwa kidogo kuliko bolti, unageuza unaingiza, wosha, nati. Ile kona iliyozama tuliweka vipande vya chuma chini ya sili mpaka leza ikakubali halafu tukasindilia simenti ile isiyosinyaa. Usije ukaweka vipande vya mbao pale, vitapondeka na sakafu itakufuata chini.

Bwana Ratili #5

Aisee kumbe kazi ni nyingi kabla hata mbao haijalala. Sasa mkuu hizo bolti mtu wa zege akisahau moja?

SeremalaWaTheluji #6

Anasahau sana tu, au anaiweka pale pale patakapokuwa mlango wa ngazi. Unatoboa zege unaingiza bolti ya kupanuka au ile ya gundi maalum, lakini unamwuliza injinia au mkaguzi kwanza aseme ipi inakubalika, usijifanyie mwenyewe halafu ufunike. Mkaguzi wa huku anakuja na tochi anahesabu bolti moja moja kama mhasibu.

MkenyaMN #7

Niaje fundi, kumbe tuko jimbo moja, mimi niko hapa Brooklyn Park. Nimefanya framing sana na naomba niongeze hapo kwa mbao ya dawa. Dawa ya zamani, ile ya chromi na aseniki, iliachwa kwa mbao za nyumba mwisho wa 2003, hizi za sasa zina shaba nyingi na shaba inakula msumari wa kawaida vibaya sana. Kwa hivyo misumari na wosha zinazogusa sili lazima ziwe zimechovywa zinki ile nzito, sio zile za kung'aa tu. Niliona jamaa amepigilia sili na misumari ya kawaida, baada ya miaka michache ukivuta inatoka kama kijiti cha meno.

SeremalaWaTheluji #8

Mkuu asante, umenikumbusha. Hiyo ni kweli kabisa na hata hanga za chuma (vishikio vya boriti) ukiziweka kwenye mbao ya dawa ni hivyohivyo.

Haya boriti. Nyumba ina upana futi 24, hakuna boriti ya kawaida itavuka yote hiyo bila kuyumba, kwahiyo katikati kuna boriti kuu inakwenda urefu wa nyumba. Yetu ni 2 kwa 12 tatu zimeunganishwa ubavu kwa ubavu, inakaa juu ya nguzo za chuma kila futi 8, na miisho yake inaingia kwenye vishimo vilivyoachwa kwenye ukuta wa zege, kama mfuko hivi. Ndani ya mfuko mbao ilale juu ya zege si chini ya inchi 3, na pembeni, juu na mwisho wake iachwe nafasi ya nusu inchi ya hewa. Usiijaze simenti eti upate kukaza! Mbao iliyozungushiwa zege haina pa kupumulia, inaoza mwisho wake tu na wewe juu huoni kitu mpaka siku sakafu inashuka.

Boriti zenyewe 2 kwa 10, kila inchi 16 katikati kwa katikati. Kwa mbao za SPF (kundi la spruce, paini na fir) daraja la pili, uzito wa watu na vitu kilo kama 195 kwa mita ya mraba, jedwali linaruhusu 2 kwa 10 ivuke mpaka futi 15 na inchi 5. Sisi tunavuka futi 11 na ushee tu. Hata 2 kwa 8 ingepita maana yenyewe inafika futi 12 na inchi 3, na mwenye nyumba akauliza kwanini tunamuongezea gharama. Nikamwambia jedwali linakwambia sakafu haitavunjika na haitapinda kupita kiasi, halikwambii kwamba glasi kabatini hazitagongana mtoto akikimbia. Na kitu kingine, kanuni ya kitaifa inataka boriti nyembamba zipigiwe jipsamu bodi kwa chini kwa ajili ya moto, ila 2 kwa 10 na kuendelea imesamehewa. Hapo akanyamaza.

Futi 12 ikaingia karibu bila kukata. Inaanzia ndani ya mbao ya ukingo (ile inayozunguka juu ya sili), inavuka boriti kuu, na mwenzake anatoka upande wa pili wanalala ubavu kwa ubavu, mlalo wa inchi 3 ambao ndo kiwango cha chini. Kila boriti unaichungulia kwa jicho moja uone mgongo (upande uliobinuka) uko wapi, mgongo unakaa juu, ukichanganya mmoja juu mwingine chini sakafu yako itakuwa barabara ya vumbi baada ya masika.

Mwanaunguja77 #9

Assalaam alaykum. Ndugu yangu Seremala hapo kwenye mfuko wa zege umenigusa. Mie nimefanya kazi za ukarabati Mji Mkongwe, nyumba za mawe na chokaa, na sakafu zetu za juu zote ni boriti za mikoko zimelazwa ukuta hadi ukuta, juu yake mawe na chokaa. Ndo mana vyumba vyetu vya zamani vyembamba na virefu, mtu akiuliza kwanini unamwambia mti wa mkoko ndo uliopima chumba, si fundi, boriti ikiisha na chumba kimeisha. Na ile miti ilikuwa na majina kwa unene wake, kuna fito, kuna pau, kuna mazio, halafu boriti zenyewe, zikija na majahazi kutoka Rufiji na Lamu.

Sasa maradhi yake ni hayohayo unayoyasema. Ukitazama katikati ya chumba boriti iko ngumu kama chuma, lakini ile shibiri moja iliyozama ndani ya ukuta imekuwa unga, hasa ukuta ule unaopokea mvua au wenye bomba la choo. Na ilipokuja simenti ndo balaa likazidi, watu wakapiga plasta ya simenti juu ya ukuta wa chokaa, ukuta ukashindwa kupumua, unyevu wote ukakimbilia kwenye kichwa cha boriti. Hebu fikiri, wenzetu wameandika nusu inchi kwenye kanuni na sisi tulikuwa tunaijua kwa kuchimba boriti zilizooza.

Mzee wa Kozi #10

Mwanaunguja hapo umenifundisha, mimi nilidhani vyumba vyembamba ni kwa ajili ya ubaridi.

mama_kibamba #11

Mkuu na hicho kisa cha ukuta kupinda? Tunazungushwa hapa.

SeremalaWaTheluji #12

Haya mama kisa hicho.

Hii ilikuwa mwaka wangu wa tatu, kampuni nyingine sio hii niliyopo na jina silitaji. Ukuta wa baisimenti umemwagwa, una siku kama kumi, sisi tumechelewa na nyumba ya jirani. Mwenye kampuni amekodi ekskaveta kwa siku, anaona inalala tu inakula hela, akamwambia dereva jaza nje ya ukuta, funga shimo, mafundi wakija wapate pa kusimama vizuri na mbao zishushwe karibu. Kwa akili ya kawaida ni wazo zuri na hata mimi nilifurahi maana kupandisha mbao kwenye shimo ni adhabu. Dereva akajaza pande tatu mpaka juu, udongo wa mfinyanzi, hakuna kushindilia, na alikuwa anaendesha lile limashine pembeni kabisa ya ukuta.

Usiku ikanyesha, na kesho yake ikanyesha. Siku ya tatu tunafika na sili zetu, navuta kamba kona kwa kona kwenye ukuta mrefu, kamba inakataa. Nikafikiri kamba imenasa. Kuchungulia vizuri ukuta umeingia ndani katikati kama inchi moja na nusu, na kwa ndani kuna ufa umelala, sio wa kusimama, umelala kuanzia karibu na kona moja mpaka nyingine, kama nusu ya kimo hivi. Fundi wetu mkubwa, mzee mmoja wa asili ya Norway, hata hakukaribia, akatuambia wote tokeni ndani ya shimo sasa hivi.

Ndo nikaelewa. Mimi maisha yote najua sakafu ni ya kukanyagia, ukuta ndo unabeba sakafu. Kumbe kwenye baisimenti ni biashara ya pande mbili, ukuta unabeba sakafu na sakafu inaushika ukuta. Udongo wa nje unasukuma saa ishirini na nne na ukilowa unasukuma zaidi, chini ukuta umekazwa na kitako na jamvi la baisimenti, juu hauna kitu, ni kama mtu unayemsukuma kifuani amefungwa miguu na hana pa kushika. Ukishaweka sili kwa bolti, boriti zikapigiliwa kwenye sili, karatasi za sakafu zikafunga boriti zote kuwa kitu kimoja, basi msukumo wa ukuta huu unapita kwenye sakafu unakwenda kukutana na msukumo wa ukuta wa pili. Zile bolti hazipo tu kuzuia upepo usibebe nyumba, zipo pia kuupokea ukuta.

Na imeandikwa kabisa kwenye kanuni, usijaze udongo mpaka ukuta upate nguvu na uwe umefungwa na sakafu ya juu au umewekewa mirunda ya kuuzuia, isipokuwa kama tofauti ya udongo nje na ndani haifiki futi 4. Sisi tulikuwa na futi 7.

Ilibidi udongo wote utolewe, kwa mkono sehemu ya mwisho ili mashine isikaribie, injinia akaja, upande ule ukabomolewa ukamwagwa upya. Ekskaveta aliyoogopa kuilipia siku mbili alikuja kuilipia wiki.

Bwana Ratili #13

Daaah.

Mzee wa Kozi #14

Fundi hii naielewa sana, huku kwetu ni kinyume chake. Kiwanja cha mteremko kule Goba, msingi upande wa chini una kozi nane tisa za tofali, fundi anajaza kifusi ndani anashindilia kwa nguvu zote upande mmoja kabla hajamwaga ile zege ya juu ya msingi yenye nondo. Unakuta msingi umetoka tumbo kwa nje. Kisha anasema tofali zilikuwa mbaya. Mimi siku hizi nafunga mkanda wa nondo kwanza ndo naita kifusi, na kinaingia kwa tabaka.

SeremalaWaTheluji #15

Mzee wa Kozi umemaliza, ni kitu kilekile kimegeuzwa tu.

Niongeze moja hapo ambayo hata mafundi wa huku wanaisahau. Boriti zinakwenda upande mmoja, kwahiyo kuta mbili zinaguswa na vichwa vya boriti, hizo ziko salama. Zile kuta mbili nyingine boriti imelala sambamba nazo, ukuta ukisukuma unasukuma ubavu wa boriti moja nyembamba ambayo itapinda tu kama rula. Pale lazima upige vipande vya mbao kati ya boriti na boriti, nafasi mbili tatu za mwanzo kutoka ukutani, kila baada ya futi chache kama mchoro unavyosema, ili msukumo uingie ndani ya sakafu. Kazi ya kuchosha na haionekani, ndo mana inarukwa.

NyumbaYaMkopo #16

Wakuu samahani naingilia, mimi nina kiwanja Lushoto kwenye mteremko mkali, kujaza kifusi upande wa chini ni lori nyingi mno na barabara ni mbaya. Je naweza nikafanya hii ya ukuta mfupi wa zege halafu sakafu ya mbao juu yake? Baridi ipo ila sio ya kuganda.

Mzee wa Kozi #17

Mchwa ndugu yangu. MCHWA.

SeremalaWaTheluji #18

NyumbaYaMkopo, inawezekana na kwa mteremko kama huo mimi naona ni akili kuliko kifusi, ila Mzee wa Kozi hajakosea, na hapa ndo nisikudanganye maana Minnesota mchwa sio tishio na mazoea yangu ya huku hayakutoshi wewe. Huku tukiwa na nafasi ya kutambaa chini ya sakafu, kanuni inasema boriti ikiwa karibu na udongo chini ya inchi 18, au boriti kuu chini ya 12, iwe ya dawa au mti unaojilinda wenyewe. Sili nayo ikiwa chini ya inchi 8 toka ardhi ya nje lazima iwe na dawa. Wewe usiishie kwenye hicho kiwango cha chini. Pandisha ukuta mtu aweze kuingia chini akiinama na tochi, maana mchwa wa ardhini anajenga barabara yake ya udongo juu ya ukuta na ukiweza kuiona unaivunja. Kati ya zege na sili weka bati limekunjwa kingo zake kuelekea chini, limechomoza pande zote mbili, halimzuii kabisa ila linamlazimisha azunguke kwa nje pale utakapomwona. Mbao zote za sakafu ziwe zimetiwa dawa kiwandani kwa presha, sio kupakwa oili chafu kwa brashi. Na acha matundu ya hewa pande zote za ukuta, unyevu ndo unaoita mengine yote. Mwombe injinia akupimie ukuta wa upande wa chini.

Mwanaunguja77 #19

Na usiache vipande vya mbao na mirunda chini ya nyumba mkishamaliza. Mafundi wetu hufukia takataka pale pale, ndo karamu ya mchwa.

MkenyaMN #20

Mimi nina kisirani na mafundi bomba. Unaweka boriti safi, kesho anakuja jamaa wa bomba la choo anakata boriti nusu kwa msumeno kwa sababu bomba lake halipiti. Waambie sheria, fundi.

SeremalaWaTheluji #21

Hahaha hao ni ndugu duniani kote. Kwa 2 kwa 10, tundu lisizidi theluthi ya kimo, yani inchi 3 hivi, na likae mbali na ukingo wa juu na wa chini inchi 2 angalau. Kukata pengo kwenye ukingo, kikomo ni moja ya sita, inchi moja na nusu, na kamwe sio katika theluthi ya kati ya boriti. Mimi sa hivi kabla ya kupanga boriti nauliza choo kinakaa wapi nasogeza boriti mapema, ni nafuu kuliko kugombana.

Mrejesho wa leo sasa. Kupanga alama watu wengi wanakosea, alama ya kwanza sio 16 ni 15 na robo, halafu kila 16 kuanzia hapo, boriti inakaa mbele ya alama. Hivyo ukingo wa karatasi ya futi 8 unaangukia katikati ya unene wa boriti na karatasi mbili zinagawana. Na kumbuka nilisema boriti zinalala ubavu kwa ubavu juu ya boriti kuu? Maana yake upande wa pili wa nyumba zote zimesogea inchi moja na nusu, ukitandika karatasi kwa mazoea ukingo unaelea hewani. Kule tulianza na kipande cha inchi 49 na nusu badala ya 48. Kijana wetu mpya alibishana na mimi dakika kumi mpaka akaweka karatasi mwenyewe akaona.

Tumetumia OSB (karatasi ya vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi) ya robo tatu ya inchi yenye ulimi na mfereji, gundi kwanza juu ya kila boriti kisha misumari kila inchi 6 kwenye kingo na 12 katikati, na kati ya karatasi na karatasi unaacha uwazi wa msumari mwembamba, moja ya nane ya inchi, maana ikinyeshewa inavimba na isipopata pa kwenda inanyanyuka kama chapati. Kwa hesabu ni karatasi 24, tulinunua 26. Gundi usiionee uchungu, sakafu inayolia usiku ukienda chooni ni karatasi inayopanda na kushuka kwenye msumari wake.

mama_kibamba #22

Na mkaguzi?

SeremalaWaTheluji #23

Alikuja asubuhi. Akahesabu bolti kama nilivyosema, akakuta mbili hazina wosha, ukuta wa mashariki nyuma ya ngazi, kijana alizisahau. Akasimama anatutazama mpaka tumefungua nati tumeziweka, akaweka sahihi. Ekskaveta inakuja Jumatatu, inajaza pande zote kwa zamu, tabaka tabaka, na mashine inakaa mbali na ukuta. Dereva nimemwonyesha mwenyewe mstari wa rangi, asiuvuke.

Bwana Ratili #24

Mkuu na ile kona iliyozama nusu inchi, mwisho wa siku ilikaaje?

SeremalaWaTheluji #25

Jana jioni wenzangu wameondoka nilitoa goroli ya mwanangu mfukoni nikaiweka juu ya OSB palepale kwenye kona. Ilikaa.